Kiti Kilichofungiwa Kamba

Jua lilikuwa limeanza kuchoka, na waliokaa kijiweni walikuwa wamechoka kabla yake. Kijiwe chenyewe si kitu cha kujivunia: benchi moja refu la mbao mbele ya karakana ya fundi makochi, kando ya barabara inayopanda kwenda zahanati. Benchi hilo huchukua watu wanne wa mwili wa kawaida, au watatu akiwemo Breki. Breki aliendesha malori maisha yake yote na sasa amestaafu, lakini bado hukaa ametanua miguu kana kwamba kuna klachi katikati. Hakimu naye hakuwahi kuwa hakimu. Alikuwa tarishi wa mahakama, akibeba majalada kwapani kutoka chumba kimoja hadi kingine, na yeye anaamini hukumu zilimwingia kwa njia hiyo. Shangazi, muuza kahawa, ana kigoda chake na jiko la mkaa. Halafu, mlangoni mwa karakana, kuna kiti chenye mgongo, kitambaa chake rangi ya damu ya mzee, ambacho hakikaliwi. Kilikuwa cha mke wa Fundi. Hapo ndipo alipokuwa akishona foronya za mito hadi alipofariki mwaka juzi. Kila asubuhi Fundi hukipangusa vumbi la sponji kabla hajagusa kazi nyingine yoyote. Hakuna aliyewahi kukatazwa kukikalia. Watu wanajua tu.

Siku hiyo Fundi mwenyewe ndiye aliyeanza, jambo ambalo si kawaida yake. Alikuwa ametoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akaitoa tena.

— Hakimu, nina kesi.

— Ya nani?

— Yangu mimi na binti yangu. Tangu nirudi kutoka kwake ng'ambo hajanipigia. Na mimi sijampigia. Sasa nataka unikatie: nani ampigie mwenzake?

— Mtoto ndiye ampigie mzazi, akasema Breki. Kesi imekwisha. Shangazi, ongeza.

— Wewe nani amekuuliza? Hakimu akaweka kikombe chini, ishara kwamba mahakama imekaa. Fundi, kesi haiingii mahakamani kichwa mbele. Mligombana?

— Hatukugombana. Tulinyamaza.

— Hiyo ndiyo mbaya zaidi, akasema Shangazi huku akimimina.

Fundi alisugua macho kwa kiganja. Hakupenda kusimulia mambo ya nyumba yake barabarani. Lakini nyumbani hakuwa na wa kumsimulia, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kifuani kama msumari uliopinda ndani ya mbao: haung'oleki na hauzami.

— Si mnajua nilikwenda kumsaidia. Amejifungua mtoto wa kwanza, na mama yake ndiyo hivyo hayupo. Mkwe wangu anafanya kazi usiku, mchana analala. Nyumba yenyewe vyumba viwili. Mtoto akilia, binti anamchukua, anazunguka naye sebuleni ili mume asiamke. Anazunguka, anazunguka, mpaka zulia limeanza kupauka pale anapopita.

— Na wewe ulikuwa unafanya nini? akauliza Shangazi.

— Kochi lao lilikuwa limebonyea. Nikalifungua.

— Ulikwenda ng'ambo kufungua kochi!

— Breki, niache nimalize. Sasa siku moja akaniambia, baba, leo nikutoe nje. Kuna nyumba ya mtu wa zamani, mchora ramani, wameihifadhi vilevile alivyoiacha. Imejaa viti, baba, utafurahi. Macho yake mekundu, hajalala. Lakini ananichekea usoni ili nione ni matembezi.

Lile cheko lilikuwa la mama yake kabisa, hilo hakulisema.

— Tukafika. Nyumba ndefu, nyembamba, ngazi juu ya ngazi. Mlangoni wakatuambia kigari cha mtoto kibaki chini, ngazi haziruhusu. Tukaingia. Kila chumba kina viti. Viti vya kulia chakula, viti vya kusomea, kiti cha kuvulia viatu, jamani, kiti kizima kwa ajili ya kuvua viatu tu! Na kila kimoja kimefungiwa kamba nene mbele yake, nyekundu, kama mahabusu.

— Hebu ngoja, akasema Hakimu. Nyumba imejaa viti, na hakuna pa kukaa?

— Hakuna hata pa kuegemea.

— Hapo, akasema Hakimu, ndipo sheria inapoanza. Kiti kikishawekwa mbele ya watu na kamba juu, hicho si kiti tena. Ni kizibiti. Mahakamani kwetu palikuwa na panga la kesi fulani, limekaa juu ya kabati miaka. Siku moja mfagiaji akachukua lile panga akakatia majani ya uani. Alisimamishwa kazi, na panga lilikuwa linakata vizuri tu.

— Panga na kiti wapi na wapi? Breki akatikisa kichwa. Mimi nimevuka mipaka na mizigo ya watu, nimeona mengi. Kiti kile si cha yule mchora ramani. Cha kwake kililiwa na wadudu zamani. Hicho wamekitengeneza juzi, wakakipaka chai ya rangi kizeeke.

— Si kweli, akasema Fundi. Nilikiona kiti chake cha kuchorea.

— Ulikiona kwa mbali.

— Nilipiga magoti, Breki. Nikakitazama kwa chini. Hakina sponji hata chembe, kimejazwa manyoya ya farasi. Springi zimefungwa kwa mkono, kamba ya katani, fundo kwa fundo. Na ukingo wa mbele umeshuka upande wa kushoto. Yule mtu alikuwa anaegemea kushoto alipokuwa akichora. Kiti kinamkumbuka.

Sauti yake ilikuwa imepata uhai kidogo, kisha ikaisha tena.

— Hapo ulipopiga magoti, akasema Shangazi, mtoto alikuwa amebebwa na nani?

— Na mama yake.

— Na mlipopanda ngazi?

— Mama yake. Mimi nilifunga mikono nyuma. Imeandikwa kila mahali usiguse, na mikono ya fundi haina adabu, ikiona kitambaa inakwenda yenyewe. Nikaifunga nyuma ili nisimwaibishe binti.

Shangazi alichochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

— Endelea na ushahidi, akasema Hakimu.

— Chumba cha juu kabisa ndicho alichochorea. Meza, taa, na kiti chenyewe, kile kikubwa, kitambaa cha kijani kilichopauka. Nilipomaliza kukitazama nikarudi nyuma kidogo, natazama fremu ya mlango. Mtoto akaanza kulia. Njaa. Kilio kikapanda ngazi na kushuka. Nikageuka kutazama ndani, naona binti yangu ameinua kamba, amepita chini yake, amekaa.

— Kwenye kizibiti!

— Kwenye kiti cha mchora ramani. Amempa mtoto ziwa, ameegemea, amefumba macho. Papo hapo. Kama mtu aliyezimwa swichi.

— Aa, kazi kwisha, akasema Breki. King'ora kikalia.

— Hakikulia.

— Basi nilikuambia! Breki akapiga goti lake. Kiti cha thamani lazima kiwe na king'ora. Hakikulia kwa sababu si kiti cha thamani. Ninavyojua mimi, hata yule mchora ramani hakuwahi kuwapo. Watu walibaki na nyumba tupu, ngazi nyingi, haipangishiki. Wakakaa kikao, wakasema, tutafute marehemu wa kuiweka humu.

— Marehemu hatafutwi hivyo, akasema Hakimu, ingawa alionekana kulipenda wazo hilo. Lazima awe na ndugu wa kuthibitisha.

— Ndugu wanapatikana! Mimi nipewe nyumba ya ngazi tano, nitamkumbuka babu yeyote mtakayenitajia.

— Nyie! akasema Fundi. Kulikuwa na mlinzi.

Wakamgeukia wote. Mlinzi ni jambo la maana katika kesi yoyote.

— Mama mmoja, mvi tupu, koti la kazi, amesimama karibu na dirisha. Nilimwona alivyomwona binti yangu. Alimtazama, akamtazama mtoto. Halafu akageuka, akaangalia nje.

— Kuna nini nje?

— Hakuna kitu. Ukuta wa nyumba ya pili.

— Kwa hiyo hakumwona, akasema Breki.

— Alimwona.

— Sasa kama alimwona akageuka, maana yake alikwenda kuita wenzake kwa ishara. Dirishani. Nimeona mipakani, mtu anajifanya anapiga miayo, kumbe anakuitia askari.

— Breki, alikuwa mama mtu mzima anatazama ukuta.

— Au basi, akasema Hakimu taratibu, huyo ndiye mwenye nyumba. Fikirini. Mjukuu wa mchora ramani, nyumba imechukuliwa, yeye ameomba kazi ya ulinzi ili asitoke. Usiku wakifunga anakaa yeye kwenye kile kiti. Ndiyo maana kingali na umbo. Kiti kisichokaliwa hufa, si Fundi mwenyewe alituambia?

— Niliwaambia springi hukakamaa.

— Ni hayo hayo. Basi kama yeye ni mwenye nyumba na amegeuka, huyo binti ni mgeni aliyekaribishwa. Kesi haipo. Nani basi aliyelalamika?

Fundi alitazama ndani ya kikombe chake. Kulikuwa na unga wa kahawa tu.

— Mimi.

Pikipiki ilipita barabarani ikiwa na magodoro mawili nyuma. Wote wakaisindikiza kwa macho mpaka ilipopotea kwenye kona, muda mrefu kuliko pikipiki inavyostahili.

— Nilipiga kelele, akasema Fundi. Kwa lugha yetu, nyumba nzima ikasikia. Inuka! Kiti cha watu hicho, utakiharibu! Akashtuka. Mtoto akaachia ziwa, akapiga ukelele, wageni wote wakaja mlangoni. Akasimama huku anajifunika. Yule mlinzi akageuka kutoka dirishani, akaniambia mimi maneno. Si yeye, mimi. Nikamuuliza binti, anasemaje? Akaniambia, hakuna kitu, baba.

— Alikuambia asante kwa kulinda mali, akasema Breki, lakini bila nguvu.

— Asante hazisemwi kwa uso ule.

— Labda alikuuliza kama wewe ni fundi, akasema Hakimu. Wanahitaji mafundi.

— Hakimu, nimechoka. Nikatie kesi. Kiti kile kina umri mkubwa kuliko sisi wote tukijumlishwa. Maziwa yakimwagika pale hayatoki, yanaozesha manyoya yote ndani, mimi najua. Nilikuwa na haki au sina? Kama nina haki, anipigie yeye. Kama sina, nipige mimi. Ni hilo tu ninalotaka.

Hakimu akakohoa. Akakunja mikono kwapani, pale majalada yalipokuwa yakikaa. Breki akawahi.

— Una haki! Ila watu wenyewe ndio wenye makosa. Jitu limekufa tangu enzi hizo, watu wazima na akili zao wanalinda kiti chake, wanakipangusa, wanakizungushia kamba! Kiti ni cha kukalia. Marehemu atakuja kukaa lini? Watu wana kazi huko...

Akaishia hapo. Hakuna aliyegeuza kichwa kuelekea mlangoni mwa karakana. Shangazi alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

— Nilikuwa nasema vya huko, akasema Breki.

— Tumekusikia, akasema Fundi.

Kulikuwa na kipande kimoja ambacho Fundi hakuwa amewapa, na hakuwa na nia ya kuwapa. Uwanja wa ndege, siku ya kurudi, binti yake alikuwa amemshika mtoto begani, anampigapiga mgongo, anayumba kidogo kama wanavyoyumba wote wenye watoto wachanga, hata wakiwa wamesimama kwenye foleni. Akamwambia bila hasira yoyote, kama mtu anayekumbusha mahali funguo zilipowekwa: "Baba, hicho ni kiti cha pili unaniinua." Fundi alijua cha kwanza ni kipi. Baada ya mazishi, watu walipopungua, aliingia akamkuta binti yake kwenye kile kiti cha mlangoni, amejikunja, ameweka shavu pale mama yake alipokuwa akiweka kiwiko. Alimwambia inuka, mshono umelegea, nitaushona. Alimwambia kwa upole kabisa. Na mshono haukuwa umelegea.

— Uamuzi wa mahakama, akaanza Hakimu.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja. Alikuwa anashuka kutoka zahanati, mtoto mchanga kifuani ndani ya shuka, mfuko wa dawa umening'inia kwenye kidole kimoja, kiatu kimoja kamba imekatika na amekifunga kwa utepe. Hakuna kati yao aliyemfahamu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

Alisimama akivuta pumzi, akatazama barabara ilivyobaki, ndefu na kavu. Hakimu akasogea kwa heshima, lakini kwa kuwa Breki hakusogea, benchi halikuzaa nafasi. Mtoto akaanza kulia, kilio chembamba kikavu cha mtoto aliyelia sana tangu asubuhi. Yule mwanamke akageuka, akaona mlangoni mwa karakana, penye kivuli, kiti kizuri chenye mgongo, safi, kitupu.

— Samahani jamani. Hiki kiti kina mtu?

Swali dogo tu. Hakimu, mwenye hukumu ya kila kitu kuanzia mipaka ya viwanja hadi talaka, alifungua mdomo na kuuziba kwa kikombe. Breki akawa anachunguza vidole vyake vya miguu. Shangazi alibaki na birika hewani, na yeye peke yake ndiye aliyemtazama Fundi usoni.

Fundi alisikia neno linampanda. Lilikuwa neno fupi, alilijua mwanzo na mwisho wake, lilikuwa tayari limefika kooni. Mwanamke akamtoa mtoto kwenye shuka, akambadilisha mkono. Alikuwa akiyumba kidogo. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia.

Fundi akageuza uso, akaangalia barabarani. Hakukuwa na kitu barabarani. Kulikuwa na ukuta wa upande wa pili, tangazo la zamani limechanika nusu, na mbuzi wa mtu. Akautazama ule ukuta kwa bidii, mikono yake ameishika magotini ili isiende popote.

Nyuma yake akasikia springi. Ile ya pembeni, iliyokuwa ikilalamika kila mkewe alipokaa, aliyoahidi kuibadilisha na hakuibadilisha, halafu hapakuwa tena na sababu. Ililalamika mara moja. Kisha pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo. Kisha kilio cha mtoto kikakatika, na badala yake kukawa na kale kamlio ka kumeza kwa pupa.

— Fundi, akanong'ona Breki. Amekaa...

— Nyamaza, akasema Shangazi.

Akainama kumjazia yule mwanamke kikombe. Birika likatoa tone, likatoa la pili, halikutoa jingine. Akachukua kikombe cha Breki, ambacho kilikuwa bado hakijaguswa, akampelekea. Breki hakudai.

— Fundi, akasema Hakimu kwa sauti ya chini, nipe mpaka kesho. Kesi yako ina mambo ndani yake.

— Acha tu.

Alikuwa ameshatoa simu. Safari hii hakuitazama; alibonyeza jina moja kwa moja na kuiweka sikioni, uso wake bado ukutani. Iliita muda mrefu. Breki alitaka kusema jambo, Shangazi akamwonyesha kidole.

— Baba? Sauti ilitoka mbali, ya haraka, yenye hofu. Nyuma yake mtoto alikuwa analia. Baba, kuna nini? Unaumwa?

— Siumwi. Umekaa?

— Nini?

— Nakuuliza, umekaa au umesimama?

Alisikika yule mtoto wa ng'ambo akilia, na huku mlangoni yule wa hapa akimeza.

— Nimesimama, baba.

— Basi kaa kwanza, mwanangu. Nasubiri.